Kibuyu cha Chumvi

Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.

Nimewasikia mkiitaja methali hiyo sasa hivi, mkimcheka yule mpangaji mpya wa nyumba ya pili kwamba anafuga majini, na nimeona mnaitumia kama fimbo ya kumchapia. Mkaniuliza imetoka wapi. Haya, sogezeni mabakuli tuendelee kuambua kunde. Wengine watawapa asili nyingine, lakini kwetu sisi wa Mizpa methali hii ilianza hivi.

Mizpa ilikuwa misheni juu ya kilima, enzi ukoloni ulipokuwa bado mchanga. Waliokaa pale ni watu waliookolewa kwenye misafara ya watumwa, kila mmoja na kabila lake, wasio na ukoo wa kurudia. Wazungu wao walikuwa wa dhehebu kali. Hakuna ngoma, hakuna pombe, hakuna hirizi, na siku ya Bwana hata kicheko kilikuwa na mipaka. Mababu wa mchungaji wao, huko ng'ambo, waliwahi kuwanyonga majirani kwa madai ya uchawi, na yeye alilijua hilo na kulionea haya. Ndiyo maana akaweka sheria aliyoiona ya huruma: mchawi akiungama atasamehewa na kubaki, akikana atafukuzwa. Nami nawaambia, huruma ile ilikuwa na meno. Chini ya kilima wakamataji watu walikuwa bado wanapita.

Masika moja homa iliingia, watoto wakazikwa mfululizo. Kisimani, mama mmoja aitwaye Persisi, mtu wa maneno, akasema kwa mzaha, "Mjukuu wa Keziya hata kikohozi hana. Bibi yake anamfukizia nini?" Wenzake wakacheka. Lakini walipofika nyumbani walisimulia bila kicheko, na kufikia Jumapili Mizpa nzima ilijua kwamba kilimani kuna tunguri, kibuyu cha uchawi. Hakuna aliyeiona. Wengi hawakujua hata inafananaje.

Wa kwanza kuitwa mbele ya wazee wa kanisa alikuwa Zakaria, mpiga kengele, kwa sababu tu aliishi peke yake na alizoea kujisemesha. Alikana, akafukuzwa. Walimwona akishuka na mkeka wake kwapani. Baadaye wachota maji waliukuta mkeka umenasa mtoni, mwenyewe hayupo.

Kisha akaitwa Keziya. Huyu alikuwa mjane, na duniani alibakiwa na mjukuu mmoja, Tirza, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utotoni. Alijua kwamba akifukuzwa ataondoka peke yake, maana mtoto aliyebatizwa alihesabiwa kuwa wa kanisa. Naye Keziya alikuwa na umri huohuo wa Tirza siku alipotenganishwa na mama yake njiani. Aliingia chumba cha kanisa.

"Tunguri yako iko wapi?" akauliza mchungaji.

"Sina, Bwana."

Mzee Yafeti, mkuu wa wazee wa kanisa, akamwinamia. "Mama Keziya, Zakaria naye alijibu hivyohivyo."

Keziya akageuza uso dirishani. Nje watoto walikuwa wakiimba zaburi, na sauti ya Tirza aliitambua katikati yao.

"Na ningekuwa nayo, Bwana?"

"Ungeileta, tukaichoma, ukabaki."

"Na mtoto?"

"Angebaki nawe."

"Basi niruhusuni nikaifukue."

Akaenda nyumbani, akakishusha kibuyu chake cha chumvi, akaimwaga chumvi chunguni. Akajaribu kukumbuka yaliyosimuliwa utotoni kwao. Akatia majivu, akatia manyoya ya kuku, akaufunga mdomo wa kibuyu kwa kitambaa chekundu alichokichana kwenye pindo la gauni la Tirza. Akakitazama na hakikumtisha, naye akaogopa kwamba hakitamtisha mtu mwingine. Akakata nywele zake akaongeza. Tirza alikuwa amesharudi, amekaa mlangoni, anatazama.

Yafeti alikipokea kibuyu akakigeuza. Chumvi ilikuwa imeganda ukingoni, nyeupe. Yafeti akaiona, na Keziya akaona kwamba ameiona. Yafeti akamgeukia mchungaji.

"Ndiyo yenyewe, Bwana," akasema. Yafeti naye alikuwa na wajukuu.

Wakaichoma mbele ya watu wote. Keziya akabaki na mtoto wake, na nani angemlaumu? Lakini kuanzia hapo hakuna aliyesubiri kuitwa. Kila aliyetazamwa vibaya alikwenda kufukua. Persisi alileta yake, na Yafeti vilevile. Kilima kisichokuwa na tunguri hata moja kikajaa tunguri, na mchungaji akamshukuru Mungu kwa kuwafumbua macho.

Siku moja Keziya alitoka shambani akamkuta Tirza nyuma ya nyumba, amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na kibuyu kidogo, majivu, manyoya, na kitambaa chekundu kutoka pindo lilelile. Binti wa Persisi alikuwa amemzomea, akamwita mjukuu wa mchawi. Tirza alikuwa akikiambia kibuyu jina la mtoto yule.

"Nani amekufundisha?" Keziya akauliza.

"Wewe, Bibi."

Keziya akaketi chini palepale kwenye vumbi. Hakumpiga. Akasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja."

Akakivunja kibuyu akakizika. Lakini jioni ile binti wa Persisi alishikwa na homa, kama walivyoshikwa wengi masika yale, naye hakupona. Watu wa Mizpa hawakujua lolote. Tirza alijua. Bibi yake alimwambia ni homa, nami nilipokuwa mtu mzima nilimwambia ni homa, na hakutuamini hata mmoja.

Tirza alikuwa mama yangu. Maisha yake yote hakumwita mtoto wa mwenzake kwa jina. Alisema "wewe mwanangu" tu, kwa kuogopa ulimi wake. Hata mimi mwanawe sikuwahi kusikia jina langu kinywani mwake.

Sasa huyo mpangaji wenu ana jina, na mmeshalitaja sana leo. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.