Kwa Nini Sehemu ya Pili Hupinduliwa

Enzi hizo, watu wa bonde la Mwasenga waliamini kwamba kitu chochote kikigawanywa lazima kipungue. Ndiyo maana mwaka ule wa ukame, mbegu za ulezi ziliposalia robo tatu ya kapu, Mtemi Mahona aliziangalia kaya sita zilizobaki bondeni, akatikisa kichwa.

"Robo tatu ni za kaya tatu," alisema. "Zile nyingine zifunge mizigo, zikatafute pa kuishi."

Kati ya zilizotakiwa kuondoka ilikuwamo kaya ya Kabula, binti wa Nyamizi, mjamzito wa miezi minane. Nyamizi ndiye aliyetunza mbegu za bonde zima. Alirudi nyumbani, akakaa kando ya kapu akilitazama. Punje za ulezi ni ndogo mno. Kila msimu alikuwa akimpimia mkulima kibuyu kimoja tu, thumni ya kapu, na shamba zima likaota.

Akainuka, akamrudia Mtemi na kapu lake na kile kibuyu cha kupimia.

"Mtemi, tusiulize robo tatu ikigawanywa itabaki nini. Tuulize ina thumni ngapi ndani yake."

"Nitazionaje?"

Nyamizi alikishika kibuyu, akakipindua mdomo chini. "Kapu hujaa nikikipindua hivi mara nane. Thumni ni moja ya nane. Ukiipindua, unapata nane kwa kila kapu moja. Lakini sisi hatuna kapu zima. Robo tatu ya nane ni ngapi?"

Mtemi alihesabu kwa vidole, akarudia. "Sita," alisema, lakini hakuamini. "Haya, pima."

Wakapima mbele ya watu wote. Kilipochotwa kibuyu cha tano, Nyamizi hakuthubutu kuchungulia kapuni. Cha sita kikajaa hadi mdomoni, kapu likabaki tupu.

Mtemi alilichungulia kapu tupu. Kisha akakibeba kibuyu hicho mwenyewe hadi mlangoni kwa Kabula.

"Fungua mizigo, mwanangu," alimwambia. "Nilihesabu vibaya."

Na tangu siku hiyo, mtu anapogawanya sehemu kwa sehemu, huiacha ya kwanza ilivyo, huipindua ya pili, kisha huzidisha. Wala hashtuki jibu likiwa kubwa kuliko kile alichoanza nacho, kwa kuwa haulizi kimepungua kiasi gani. Anauliza kitawatosha wangapi.