Ukoko wa Chungu cha Bi Kasa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa chungu mekoni!

Nani kakibandika?

Mwenye hamu!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi, aliishi Bi Kasa, kikongwe ambaye macho yake yalikwishaingia ukungu. Alikuwa na binti mmoja tu, Selestina. Binti akaenda nchi za baridi kutafuta maisha. Akakaa, akakaa, akakaa.

Kila msimu wa mashelisheli Bi Kasa alibandika chungu cha tui la nazi. Kando akaweka juisi ya choya yenye tangawizi, akangoja. Binti asirudi. Chungu wakala majirani.

Msimu huo akasema, "Mikono yangu imechoka. Hiki ndicho chungu changu cha mwisho. Sikifunui mpaka mwanangu aje."

Nguchiro akasikia. Mate yakamdondoka, mlafi yule! Akabana sauti: "Hodi, mama! Mimi Selestina, nimerudi."

"Karibu. Hebu niambie, chungu chetu tunakikoroga na mwiko gani?"

"Ule mkubwa, mama!"

"Mwongo! Chungu hiki hupangwa, hakikorogwi. Toka!"

Akatoka. Akarudi. "Hodi, mama! Mimi Selestina."

"Juu kabisa tunapanga nini?"

"Shelisheli, mama."

"Mwongo! Shelisheli na samaki wa chumvi hukaa chini, majani ya magimbi juu. Toka!"

Masikini Bi Kasa! Kila akimfukuza, anamfundisha.

Mara ya tatu Nguchiro akasema, "Chini shelisheli na samaki wa chumvi, juu majani ya magimbi, na hakikorogwi, mama."

Bi Kasa akafurahi. Akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Mara akasikia mtu anajikokota mchangani.

"Hodi, mama. Mimi Selestina."

Mkono ukasimama. "Wa pili huyu? Haya, sema, chungu chetu kinapangwaje?"

Kikasikika kilio. "Mama, nimesahau. Nimekula vya watu miaka mingi mno. Nakumbuka ukoko tu. Ulikuwa ukinikombea ule wa chini, wenye mafuta, ukininong'oneza, 'Kula upesi, wasikuone wenzio.' Mama, nimeuota ukoko ule mpaka nikaamka natafuna."

Bi Kasa akamgeukia wa kwanza. "Na wewe, nikupakulie nini?"

"Mimi nipe minofu yote! Ukoko wape kuku."

Loo! Mwiko usiokoroga siku hiyo ulipata kazi. Ulitua puani pa Nguchiro, pwa! Akatimua mbio, na choya hakuionja.

Ndipo Bi Kasa akafunua chungu. Akakomba chini, akamlisha binti yake kwa mkono, huku akimpapasa uso.

"Umekonda, mwanangu."

"Nimerudi, mama."

"Kula upesi, wasikuone wenzio." Na hapakuwa na mtu mwingine pale, ila wao wawili na machozi yao.

Basi wanangu, mapishi huibwa, hamu haiibiki. Aliye mbali akisahau njia ya jikoni, msimfungie mlango. Muulizeni anatamani nini.

Ngano yangu tui limekauka. Kilichobaki chini ni chenu, kombeni.