Ukuta Mkavu wa Kiangi

Mtu mmoja alikuwa na nyumba kwenye mteremko, na nyuma ya nyumba hiyo alikuwa na kaburi la mke wake. Jina lake Kiangi, mkulima wa tangawizi katika milima ya Upare, ambako wengi huzikwa nyumbani kwao. Kiwanja chake kilikuwa na ngazi mbili. Ya chini ilibeba nyumba, jiko na ua mdogo wa kuku. Ya juu ilikuwa na migomba, na huko, si mbali na ukingo, ndiko alikolazwa Nakijwa, mke wake. Ukingo wenyewe ulikuwa wa udongo mwekundu, mrefu kuliko mtu, na jiko lilikuwa chini yake kabisa.

Miaka yote ya ndoa yao ukingo ule haukumsumbua mtu. Nakijwa alikuwa ameupandia matete kutoka juu hadi chini. Aliyakata akawapa ng'ombe, yakachipua, akayakata tena. Mvua iliponyesha, maji yalipita polepole kati ya mashina, yakaingia katika mfereji alioupitisha kando ya jiko kwa jembe lake mwenyewe, yakaenda zake bondeni. Kiangi hakuwahi kujiuliza ni kitu gani kinachoushikilia ukingo. Ulikuwapo tu, kama jiko lilivyokuwapo, na chakula ndani yake.

Nakijwa aliugua kwa muda mrefu, akafa kiangazi. Watu walifyeka matete ili wabeba jeneza wapate njia, na msiba ulipokwisha Kiangi akayang'oa mashina yaliyobaki. Alitaka mahali pale pawe safi. Akapanda masale kulizunguka kaburi, akasimika msalaba wa saruji, akafagia.

Siku ya mazishi hakulia. Alisimama karibu na binti yake, Tumsifu, akawashukuru watu kwa sauti isiyotetemeka, hata waliochota maji na waliopasua kuni akawataja kwa majina. Watu walirudi makwao wakimsema vizuri. "Yule ndiye mwanamume," walisema. "Msiba umemkuta amesimama, na umemwacha amesimama."

Tumsifu alikuwa mtu mzima, mshonaji wa nguo mjini Same. Alikuwa amerudi kumuuguza mama yake. Baada ya msiba alibaki, kwa kuwa baba hakumwambia aende wala hakumwambia akae. Jioni za kwanza alijaribu kuzungumza. Alikuwa akisema, "Mama alikuwa anaweka tangawizi kidogo kwenye maharage haya," na Kiangi alichukua sahani yake akaenda kuwatazama kuku. Tumsifu akaacha. Wakawa wanazungumza juu ya chumvi, juu ya kuni mbichi, juu ya mwewe aliyechukua kifaranga. Jina la Nakijwa halikutajwa tena katika nyumba ile, na nyumba ikawa na utaratibu mzuri sana.

Mvua za vuli zilipokuja, zilikuta ukingo mtupu. Kipande kikubwa cha udongo kikashuka nyuma ya jiko. Asubuhi Kiangi alipanda juu akaona kwamba ukingo sasa umelisogelea kaburi. Masale ya upande wa chini yalikuwa yananing'inia, mizizi nje.

Akaamua kujenga ukuta wa mawe. Mwenyekiti wa kitongoji alitaka baragumu ipigwe watu waje kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Kiangi akakataa. Alisema watu wamekwisha kumbeba vya kutosha, hii atafanya mwenyewe. Nao hawakubishana naye. Walisema kazi itamsaidia kusahau.

Akasomba mawe kutoka mtoni kwa toroli. Akachimba msingi mpaka sururu ikagonga mwamba. Akavuta uzi, akateremsha timazi kuona kama ukuta umenyooka, na kila jiwe alilijaribu, akaligeuza, akalijaribu tena kabla ya kulitia saruji. Ulikuwa ujenzi mzuri. Wala hakuwa mjinga wa kazi ile. Katika ujana wake aliwahi kufanya kibarua kwenye barabara ya milimani, wakijenga kuta za namna hiyo hiyo, na alijua kwamba ukuta unaozuia udongo huachiwa matundu, na nyuma yake hujazwa kokoto, ili maji yapate njia. Alikuwa amekwisha kukata vipande vya bomba kwa ajili ya matundu hayo. Vilikuwa vimelala kando ya jiko, vimepangwa vizuri. Ukuta ukapita kimo cha goti, ukapita kiuno, navyo bado vimelala.

Jirani yake, Mbazi, mtu wa mzaha, alisimama penye ua wa michongoma akatazama.

"Baba Tumsifu, mabomba yamelala na ukuta unapanda. Unajenga ukuta au unajenga bwawa? Tuambie mapema tutafute samaki."

"Samaki kafuge kwako," Kiangi akasema bila kuinua uso.

Mbazi akacheka. Kisha akauliza, bila kucheka, "Sasa maji yatapita wapi, ndugu yangu?"

Kiangi akaweka mwiko chini. "Yatakayotoka hapa yatakuwa yamepita kwa mama Tumsifu. Unataka yamwagike uani, kuku wayanywe?"

Mbazi akaomba radhi, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeuliza tena habari ya matundu.

Kiangi akaumaliza ukuta. Nyuma yake akajaza udongo, akaushindilia kwa mchi wa mti mpaka ukalia kama sakafu. Akaupiga ukuta lipu, akaupaka chokaa. Mvua chache za mwisho wa vuli zikanyesha, na watu wakaja kutazama. Kuta za wengine zilikuwa zimelowa na kuota ukoka, lakini ukuta wa Kiangi ulikuwa mweupe na mkavu. Walipitisha viganja juu yake. "Hata tone," walisema. Wazee wa kanisa walisema. Waliotoka kitongoji cha pili walisema. Mmoja akasema ukuta umefanana na mwenyewe, na wote wakakubali. Kisha wakapunguza kuja, kwa maana mtu aliyesimama vizuri namna ile hakuwa na haja ya kutembelewa.

Masika ikaingia. Mvua haikuwa na haraka. Ilinyesha, ikapumzika, ikanyesha. Kiangi akaona ufa kwenye lipu, mwembamba kama unywele. Akauziba kwa saruji, akapaka chokaa juu yake. Ukatokea mwingine, akauziba pia. Siku moja aliteremsha timazi kutoka juu ya ukuta, na uzi haukufika chini huru. Katikati uliegemea mawe. Ukuta ulikuwa umeota tumbo. Kiangi akaukunja uzi, akautia mfukoni. Kesho yake akakata mti wa mkaratusi, akauegemeza ukutani kama mkongojo. Tumsifu aliuona mti ule asubuhi alipokwenda kuwasha moto. Akainama, akapita chini yake, akaingia jikoni, kwa kuwa jiko lilikuwa hilo moja.

Basi mambo yalikuwa hivi. Juu ya ukuta alikuwapo mke wake. Chini ya ukuta alikuwapo binti yake. Ukuta ukianguka, utamtoa wa juu mahali pake na kumfukia wa chini. Na Kiangi aliyajua yote haya, na kila siku alipiga chokaa.

Ikafika siku ambayo mvua ilianza alfajiri na mchana haikuwa imeacha. Kiangi alipanda juu. Maji yalikuwa yamesimama kulizunguka kaburi, yametulia, yamefika nusu ya masale, na hayakuwa na mahali pa kwenda. Akashuka mbio kuleta mti wa pili. Alipokuwa akiuburuta, kipande cha lipu kikabanduka katikati ya ukuta kikaanguka juu ya bati la jiko kwa kishindo.

"Tumsifu! Toka humo!"

Tumsifu akatoka, upawa mkononi, maharage yakiwa bado motoni. Hakukimbia. Alisimama katika mvua akautazama ukuta, akamtazama baba yake aliyekuwa akihangaika kuusimika ule mti kwenye tope, nao unateleza. Akasema:

"Baba, toboa."

Kiangi akaacha mti. "Mama yako yuko hapo juu," akasema. Hakuwa amemtaja tangu wamzike.

"Najua aliko. Mimi ndiye niliyemwosha. Toboa, Baba."

Akaenda akaleta nyundo na tindo. Akapiga magoti chini ya ukuta, upande ambao tumbo lilikuwa dogo, akatafuta kiungo kati ya mawe mawili ambayo alikuwa ameyachagua yeye mwenyewe ili yasiachane. Akapiga. Saruji ilikuwa nzuri, haikukubali upesi. Alipiga mpaka tindo likazama, na alipolichomoa yalitoka matone, kama jasho. Akapiga tena. Ndipo maji yakaja kwa nguvu, mekundu, yamebeba udongo, yakampiga kifuani na usoni. Hakukwepa. Akasogea hatua moja, akatoboa tundu la pili, kisha la tatu. Tumsifu aliacha upawa akachukua jembe, akaanza kuufukua mfereji wa mama yake, uliokuwa umejaa udongo kwa kukosa mtu wa kuuzibua, na maji yakaanza kukumbuka njia ya bondeni.

Mbazi alisikia nyundo. Akaja na sururu, na nyuma yake wakaja wengine, ingawa hakuna baragumu iliyopigwa. Wengine walipanda juu wakayakatia njia maji yaliyosimama kaburini, wakayaelekeza pembeni. Wengine wakamsaidia Tumsifu. Kiangi alikuwa bado amepiga magoti, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti kubwa, kama watu wanavyolia jeneza linaposhuka, akimwita Nakijwa kwa jina lake. Mtu mmoja alimkaribia akafungua mdomo amwambie ajikaze. Mbazi akamtia mtu huyo koleo mkononi, akamwonyesha mfereji. Wakaendelea kuchimba. Hakuna aliyemnyamazisha, na hakuna aliyeondoka.

Ukuta haukuanguka. Wala haukunyooka, tumbo lake lipo hata leo. Kaburi lilikuwa limebonyea upande mmoja, wakalijaza udongo. Kiangi alitoboa matundu mengine, akayatia vile vipande vya bomba vilivyokuwa vimengoja kando ya jiko, na Tumsifu akapanda matete ukingoni. Kwa muda maji yaliyotoka yalikuwa mekundu, kisha yakawa ya rangi ya chai, kisha yakawa maji tu. Kuku huyanywa. Kiangi huwatazama wakinywa, na huwaacha. Maharage nayo huliwa na tangawizi kidogo ndani yake, na anayetaka husema ni nani aliyeanza kuyapika hivyo.

Wapo wanaopita na kusikitika. Husema ule ulikuwa ukuta mzuri, mweupe, na sasa una mistari ya kahawia kutoka kila tundu hadi chini, na Kiangi hataki kuupaka chokaa. Husema kila mvua ikinyesha uani kwake hapapitiki kwa maji, mpaka mtu avue viatu.

Basi niambieni, ninyi mnaokwenda misibani. Wale waliopitisha viganja juu ya ukuta mkavu wakasema "hata tone", walikuwa wakiusifu ukuta, au walikuwa wakishukuru kwamba hawatalazimika kuvua viatu?