Gari la Bi Kidawa Lisilo na Mngurumo

Mzee Shemhilu, mwenye yadi ya magari kule bondeni, alikuwa na sharti moja tu. Gari kuukuu likifika kwake kwa kusukumwa, alilinunua kwa kilo kama chuma chakavu. Likifika lenyewe, alikubadilishia kwa gari lolote ulitakalo pale yadini.

Bi Kidawa, fundi cherehani wa mlimani, alishuka kwa miguu kuchagua. Aliwashiwa gari moja baada ya jingine, akitega sikio kama mkunga, mpaka akafika kwenye moja la buluu.

"Hili hili," alisema. "Kesho nakuletea langu."

"Lisisukumwe, mama!"

"Halitaguswa hata kwa kidole."

Kesho yake gari la Bi Kidawa liliteremka mlima taratibu, likakata kona, likaingia getini na kusimama mbele ya ofisi. Mzee Shemhilu alishika kiuno.

"Mashallah! Halina hata mngurumo!"

"Na mafuta halinywi kabisa, mzee wangu."

Mzee alisaini mbio mbio kabla mama hajaghairi, akamkabidhi funguo za lile la buluu. Bi Kidawa akaliwasha. Ndipo mzee alipofungua boneti ya lile kuukuu, akamkuta kuku ameatamia mayai.

"Mama! Injini iko wapi?"

"Mwaka jana fundi wangu alikuletea. Ukamwambia imekufa, ukaipima kwa kilo," alijibu Bi Kidawa huku akikanyaga mafuta. "Isikilize inavyonguruma humu. Kuku nakuachia."