Nondo Asiye na Kinywa cha Kulia

Paukwa! ... Mbona mnajibu kama mmefunga? Paukwa tena! Haya, hiyo ndiyo pakawa. Tuendelee.

Hapo zamani za kale, katika msitu wa mvua, Kiwavi alikula majani ya mti wa mgude. Alikula, akala, akala. Kisha akajisokotea kifuko cha hariri, akajifungia humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa Nondo, mwenye mabawa mapana kama sahani mbili za wageni.

Mungu alimwondolea kinywa cha kulia, akambakishia cha kusema. Shibe ya utotoni ndiyo akiba yake. Ikiisha, naye amekwisha. Kabla ya hapo ilimpasa atage mayai juu ya mgude. Na mgude aliokulia ulikuwa umeangushwa na upepo.

Akaruka kutafuta mwingine.

Nyuki akamzuia. "Karibu, shoga! Onja asali."

"Ahsante, sina kinywa cha kulia. Mgude uko wapi?"

"Kidogo tu, shoga! Ulambe tu!"

Nondo akaondoka. Kima akamzuia. "Karibu ndizi!"

"Sina kinywa cha kulia, kaka. Mgude..."

"Aa! Asali ya Nyuki umekula, ndizi zangu hazikufai?"

"Sikula!"

"Basi huondoki mpaka ule." Akamshika bawa. Nondo akajivuta, kipande cha bawa kikabaki mkononi mwa Kima.

"Jamani!" Nondo akalia. "Nimesema sina kinywa! Nisemeje tena?"

Akaruka upande upande, akaanguka mbele ya Konokono. "Usiniambie nile!" akafoka.

"Ule nini, dada? Mimi mwenyewe sina kitu. Unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

"Mgude," Nondo akasema.

"Basi panda. Huu hapa. Mimi hukaa shinani pake."

Nondo akapanda, akataga, akamshukuru Mungu, akafa.

Nyuki na Kima wakaja matangani na masinia yao, wakilia. Matanga yalipokaribia kuisha, mayai yakaanguliwa. "Njaa! Njaa!"

Kima akakimbilia ndizi. Konokono akamtazama tu. Kima akasimama, akaziweka ndizi chini.

"Mnataka nini, wanangu?"

"Majani!"

Kima akawainamishia tawi.

Basi, wenzangu mliokuja hapa matangani na masinia, msimlazimishe mtu kula, hata awe mfiwa. Muulizeni anataka nini, kisha msikie jibu lake.

Hadithi yangu imefika mwisho. Mwenye sinia aliondoe, tumshukuru Mungu, tukalale.