Wageni wa Geneva

Mwezi Juni, kabla ya msimu wa korosho, wakili wa kampuni moja ya ng'ambo alifika Newala na mkataba wa kununua korosho za wakulima. Kifungu cha mwisho kilisema kila mgogoro uamuliwe na wasuluhishi mjini Geneva.

Bi. Somoe Nantanda, katibu wa ushirika, alielewa. Kampuni ikikataa korosho zao, hakuna mkulima atakayefika huko kudai haki.

"Geneva mbali, mwanangu."

"Kama hamtaki, wauzaji wako wengi, mama."

"Tunataka. Ila kwetu anayekuita kwake ndiye anayekulipia nauli, akakulisha, akakulaza. Liandike hilo."

Wakili alimtazama yule mama mmoja, akacheka. "Nitaongeza na chai ya asubuhi."

"Ongeza. Na sahihi, niweke yangu tu?"

"Yako tu? Mwenzako aje aniruke kesho? Watie sahihi wanachama wote. Kila mmoja awe mhusika wa mkataba."

"Haya, mkubwa ni wewe."

Desemba, kampuni ilikataa korosho, ikidai zina unyevu. Ushirika ulifungua shauri Geneva, kisha Bi. Somoe akapiga simu.

"Wakili, tuko uhamiaji, foleni ya pasipoti inakwenda vizuri. Tukatie tiketi."

"Ngapi?"

"Mia nne na kumi. Na wazee hawawezi mkate asubuhi, watafutie muhogo."

"Unatania, mama."

"Si ulisema kila mmoja ni mhusika?"

Januari, kwa ombi la kampuni, wasuluhishi waliketi Newala. Walipima korosho, wakazikuta kavu. Kampuni ilizichukua zote.