Chakula cha Mama Mkwe

Fundi Betri, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa mtu wa maneno mengi. Miaka nenda miaka rudi aliyeyusha risasi za betri kuukuu karakanani, mpaka figo zikaanza kumgomea. Aliacha kazi, akawa wa kuuguzwa nyumbani; kila wiki muuguzi alimfuata kumpima presha na kumtoa damu. Kwa kuwa mkewe alishinda kazini, mama mkwe alihamia pale. Alimpikia vyakula visivyo na chumvi kama alivyoagizwa, na mgonjwa alivila amekunja uso kama aliyelambishwa shubiri.

Siku moja muuguzi alikuja mnyonge.

"Fundi, majibu si mazuri. Damu yako bado imejaa risasi. Tukienda hivi, utaishia kwenye mashine ya kusafishia damu."

"Yarabi! Risasi?" mama mkwe akaruka. "Nani kampiga?"

"Si ya bunduki, mama. Ni ile ya betri."

"Karakana niliiaga zamani!" Fundi Betri akafoka. "Inatoka wapi kama si jikoni? Mama, tangu uje sijaona nafuu. Unaniua polepole!"

Lo! Maneno hayo yalimchoma mama wa watu. Alikwenda kufunga virago vyake, machozi yakimlengalenga.

Muuguzi alimwinua mgonjwa ampime presha. Mkono wake ukagusa mto.

"Mbona mgumu hivi?"

"Ni koti langu la kazi, nimelitia kwenye foronya. Limenilishia watoto hilo! Nisipolilalia sipati usingizi."

Muuguzi alilipiga kofi dogo. Likatimua vumbi la kijivu.

"Fundi, risasi yenyewe ndiyo hii. Kila ukilala unaivuta puani."

Fundi Betri alinywea. Mama mkwe alikuwa tayari mlangoni na mfuko wake.

"Mama, usiende," akasema. "Nimekukosea sana. Nisamehe."

Mama mkwe alijifuta macho, akautua mfuko.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila chumvi, hata ulie, hupati."

Koti lilifungwa kwenye mfuko wa plastiki likaondolewa, na chumba kikapigwa deki. Miezi ikapita, risasi ikapungua damuni, na habari ya mashine ikasahaulika. Maskini Fundi Betri! Alimsaka adui jikoni kwa mkwewe, kumbe alikuwa akilala naye shavu kwa shavu. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.